Kutoka Ndoana Hadi Karai: Kuvua na Kusafisha Ngege wa Ziwa Victoria

Anayeketi kwenye kibanda cha samaki kando ya ziwa pale Kisumu huletewa ngege mzima aliyeiva hadi ngozi ikakakamaa, pamoja na ugali na mboga za kienyeji, na kazi yote iliyoitangulia sahani hiyo huwa imekwisha kufanywa na mikono mingine. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuifanya kazi hiyo mwenyewe, tangu kutega chambo hadi kumweka samaki kwenye mafuta. Nimevua kwa ndoana katika ghuba ya Winam kwa miaka mingi, na kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni kwamba watu huweka bidii yao yote katika kumngoja samaki, kisha akishanaswa wanalegea. Humtupa katika ndoo ya maji ya uvuguvugu iliyowekwa juani, huendelea kuvua hadi adhuhuri, halafu hushangaa nyumbani kwamba nyama imelainika na inatoa harufu. Katika joto la Kisumu, ambalo mchana hukaribia nyuzi 30, saa ya kwanza baada ya samaki kutoka majini ndiyo inayoamua atakavyokuwa sahanini, na kwa sababu hiyo nitaieleza kwa urefu kuliko mambo mengine.

Samaki tunaowazungumzia

Neno ngege siku hizi hutumiwa kwa karibu kila tilapia anayetoka ziwani, ingawa wazee wa ufuoni huwatofautisha. Ngege wa asili, ambaye ndiye aliyewalisha watu wa Nyanza kabla ya katikati ya karne iliyopita, amekuwa adimu sana katika ziwa kuu, na leo huonekana zaidi katika maziwa madogo ya pembeni kama Kanyaboli kule Siaya. Anayenaswa sana sasa ni nyamami, tilapia wa Nile, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 na ambaye utamtambua kwa mistari myembamba inayokatiza mkia wake kutoka juu hadi chini. Yuko pia tilapia mwenye tumbo jekundu, mfupi na mnene kidogo, anayependa kukaa karibu na majani na ambaye hula mnyoo kwa pupa. Wadogo kuliko wote ni fulu, samaki wa urefu wa kidole au kiganja, ambao dume lake lina madoa ya manjano kama mayai kwenye pezi la chini ya tumbo. Fulu wana miiba mingi, lakini wakikaangwa wakauke hutafunwa pamoja na miiba yao, nami sioni sababu ya kuwadharau.

Msomaji aliye Nakuru aelewe kwamba Ziwa Nakuru liko ndani ya hifadhi ya taifa, na kuvua humo hakuruhusiwi. Njia yake ni kwenda Naivasha, ambako maji ni baridi yasiyo na magadi na ambako kuna tilapia na samaki wa kigeni anayeitwa kapu, mwenye magamba makubwa. Namna ya kusafisha tilapia wa huko ni hii hii.

Kabla ya yote, fika kwa ofisi ya uvuvi ya kaunti uulize kuhusu leseni, kisha ujitambulishe kwa kamati ya usimamizi wa ufuo, ile ambayo wavuvi wote huiita BMU. Uvuvi nchini unaongozwa na Sheria ya Usimamizi na Uendelezaji wa Uvuvi ya mwaka 2016, na kamati za ufuo ndizo zinazojua ni sehemu zipi zimetengwa kwa ajili ya mazalia ya samaki. Salamu hiyo si ya kujipendekeza. Mgeni anayeanza kutupa mshipi bila kumwamkia mtu huonekana kama mwizi, ilhali anayeamkia huonyeshwa mahali pa kusimama.

Mahali na saa

Ghuba ya Winam upande wa Kisumu si ya kina kirefu, na maji yake huwa ya rangi ya udongo kwa sababu ya mito kama Nyando inayomwaga tope humo, hasa mvua za Machi hadi Mei zinapokuwa nyingi. Samaki tunaowataka hukaa karibu na ukingo, katika maji ya kina cha mita moja hadi mbili, pale ambapo mafunjo yanapakana na maji ya wazi, au kando ya nguzo za gati na mawe. Tafuta mpaka. Tilapia hapendi kukaa uwanjani bila kivuli, wala hapendi kujisonga ndani kabisa ya majani ambako hewa ya majini ni kidogo.

Asubuhi ndiyo saa yangu. Kutoka mapambazuko hadi kama saa nne upepo huwa mwanana, ukitoka nchi kavu kwenda ziwani, na uso wa maji hutulia kiasi cha kuona boya likitikiswa na pumzi tu ya samaki. Baada ya adhuhuri upepo hugeuka ukavuma kutoka ziwani, ukaleta mawimbi, na mara nyingi ukayasukuma magugumaji hadi ukingoni. Aliye ndani ya mtumbwi huweza kuzingirwa na magugu hayo kwa muda mfupi tu na kushindwa kupiga kasia, kwa hiyo anayevua kwa mtumbwi avae jaketi la kuokolea maisha tangu anapoingia, na arudi kabla upepo haujageuka.

Kuna hatari nyingine tatu ambazo sitazipunguza kwa maneno. Ya kwanza ni kiboko, ambaye hutoka majini jioni kwenda malishoni na kurudi alfajiri. Usisimame kamwe kati yake na maji, wala usiketi kwenye njia iliyokanyagwa ikalainika kati ya mafunjo, kwa maana njia hiyo ina mwenyewe. Ya pili ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini, kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali, na hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini kwa dakika chache tu. Vulia ukingoni, kwenye jiwe au gati, na kama ni lazima kukanyaga maji, vaa gambuti. Ya tatu huonekana kwa macho: kuna siku ambapo maji ya ghuba hugeuka ya kijani kibichi, mazito kama rangi iliyomwagika, kwa sababu ya viumbe vidogo vinavyozaliana kupita kiasi katika maji yenye uchafu mwingi. Baadhi yao hutoa sumu ambayo hujikusanya katika maini na matumbo ya samaki. Siku hiyo hamia kwingine au urudi nyumbani.

Vifaa na chambo

Vifaa vyenyewe ni vya bei ndogo. Utahitaji ufito wa mwanzi wa urefu wa mita tatu au nne, ulio mkavu na unaopinda nchani bila kuvunjika, pamoja na uzi wa nailoni unaohimili kilo 3 au 4, urefu wake ukilingana na ufito. Ndoana iwe ndogo, namba 8 au namba 10, kwa sababu tilapia ana mdomo mdogo, na ndoana ya mbuta, yaani sangara, utakayoiona dukani haitaingia kinywani mwake. Chubwi moja, punje ndogo ya risasi, hubanwa kwenye uzi kiasi cha upana wa kiganja juu ya ndoana. Boya laweza kuwa kizibo, lakini wavuvi wa kwetu hukata kipande cha ndara kuukuu, na kipande hicho cha ukubwa wa jino la farasi ni chepesi na huonekana vizuri kikiwa cha rangi nyekundu au ya manjano.

Fundo la ndoana ndilo linalowaangusha wengi. Pitisha ncha ya uzi katika tundu la ndoana, izungushe mara tano kwenye uzi mkuu, irudishe kupitia kitundu kidogo kilichobaki karibu kabisa na ndoana, kisha uipitishe tena katika kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Lowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza, kwa sababu nailoni kavu hujichoma ikikwaruzana na huwa dhaifu pale pale inapotegemewa. Ninapendekeza pia ukibane kwa koleo kile kijino cha ndani ya ndoana hadi kilale. Utampoteza samaki mmoja mmoja, lakini mdogo utakayetaka kumrudisha majini atatoka bila kuraruliwa mdomo, na siku ndoana itakapoingia kwenye kidole chako utafurahi kwamba ulifanya hivyo.

Chambo bora kuliko vyote ni nyungunyungu. Wachimbe kwenye shina la mgomba, mahali palipo na unyevu na majani yanayooza, uwaweke kwenye mkebe pamoja na udongo wao, na mkebe uukinge jua. Tumia kipande cha mnyoo kinachoifunika ndoana, kikibaki kimkia kidogo cha kuchezacheza. Mnyoo mzima ni hasara, kwa kuwa samaki hudona kimkia hadi kikaisha bila kugusa chuma. Nyungunyungu wakikosekana, ugali uliopoa na kukandwa na unga kidogo hadi ushike vizuri hutosha, na nyamami wakubwa hupenda huo kuliko mnyoo. Ili kuwaita samaki, changanya pumba za mahindi na machicha ya busaa, fanya donge la ukubwa wa limau, ulitupe pale unapovua kila baada ya robo saa. Usizidishe, kwa maana samaki aliyeshiba hana haja na ndoana yako.

Kutega na kuvuta

Kwanza pima kina. Sogeza boya kwenye uzi na ujaribu mara kadhaa. Likilala ubavu juu ya maji, ujue chubwi imefika chini na uzi umezidi, kwa hiyo lisogeze kuelekea ndoana kidogo kidogo hadi lisimame wima. Chambo kinatakiwa kining'inie kiasi cha kiganja kimoja au viwili juu ya tope.

Tilapia hachukui chambo kwa kishindo kama mbuta. Utaona boya likitetemeka, likitulia, likitetemeka tena, na mwanafunzi huvuta papo hapo akapata ndoana tupu. Subiri. Samaki akishakiweka chambo kinywani, boya huanza kwenda upande mmoja bila kusita, au huinuka likalala kwa sababu amekinyanyua chambo pamoja na chubwi. Hapo ndipo unapoinua kifundo cha mkono, kwa wepesi na bila kurusha ufito nyuma ya bega. Tilapia hugeuza ubavu wake mpana dhidi ya maji na huwa mzito kuliko alivyo, kwa hiyo mwache azunguke mara mbili tatu akiwa amevutwa sawasawa, kisha mlaze kuelekea ukingoni.

Mshike namna hii: weka kiganja mbele ya kichwa chake, kitelezeshe kuelekea mkiani kikiwa kimembana kwa juu, ili miiba ya mgongoni ilale. Nyamami ana miiba migumu 16 hadi 18 katika pezi la mgongoni na mitatu chini ya tumbo karibu na mkia, na mtu anayemkamata kutoka nyuma kwenda mbele huchomwa na yote kwa pamoja. Jeraha la mwiba wa samaki lioshwe mara moja kwa maji safi na sabuni, kwa sababu likiachwa hivi hivi huvimba na kutunga usaha.

Samaki asiyefikia urefu wa kiganja chako pamoja na vidole, mbali na fulu ambao ndio umbo lao, mrudishe. Lowesha mikono kabla ya kumshika, ili usimwondolee ule utelezi unaoilinda ngozi yake. Kuhusu jambo hili ndoana ina heshima ambayo wavu hauna. Jike la nyamami hutunza mayai na vifaranga ndani ya kinywa chake, na katika siku hizo hula kidogo sana au hali kabisa, kwa hiyo ni nadra kulipata kwa mnyoo. Wavu wa kukokota ukingoni humzoa yeye, mayai yake na vifaranga vya jirani zake. Nimemwona jike lililotolewa kwenye kokoro likitema mayai ya rangi ya chungwa mchangani, punje moja moja kama uwele, na tangu siku hiyo sijanunua samaki ninayejua ametoka kwenye nyavu hizo.

Saa ya kwanza

Samaki unayemchukua muue papo hapo. Mlaze juu ya kitambaa kilichoroweshwa, mfunike macho, umpige kwa rungu fupi mara moja utosini, nyuma kidogo ya macho. Samaki anayeachwa apapatike hadi afe hujichosha, nyama yake hukakamaa mapema na kulainika mapema vilevile. Baada ya hapo inua kifuniko cha shavu, ukate matamvua kwa ncha ya kisu upande mmoja, umweke kichwa chini ndani ya ndoo ya maji safi kwa dakika tano ili damu itoke. Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, nayo ndiyo inayoacha nyama nyeupe isiyo na michirizi ya wekundu kandokando ya uti wa mgongo.

Kisha barafu. Katika joto la kwetu, kiasi kinachofaa ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, barafu ikipondwapondwa na kupangwa chini, katikati na juu. Maji yanayoyeyuka yawe na njia ya kutokea, kwa sababu samaki anayeogelea katika maji ya damu huharibika ndani ya sanduku la baridi lile lile ulilomnunulia. Pasipo barafu, tumia kikapu cha mafunjo kinachopitisha hewa, uwafunike samaki kwa gunia la katani lililoloweshwa na kuning'inizwa kivulini penye upepo, lakini usijidanganye kwamba njia hii inatosha kwa zaidi ya saa mbili au tatu. Ikiwa hakuna barafu, vua saa mbili, acha, ukasafishe.

Na usiwaoshe samaki kwa maji ya ziwa. Najua inafanyika kila asubuhi na kila mtu amekua akiiona ikifanyika. Maji ya ukingoni pale mjini hupokea mifereji, na kipindupindu kimewahi kuzuka mara nyingi katika kaunti za ziwa. Beba dumu la maji ya bomba, au yaliyochemshwa yakapoa. Lita 10 zinatosha kwa samaki kumi na wawili ukitumia kwa hesabu.

Kupara

Para magamba kabla ya kupasua tumbo. Tumbo likiwa bado limejaa, ngozi huwa imenyooka na magamba hutoka kwa urahisi, na pia uchafu wa magamba hauingii ndani ya nyama. Kifaa kizuri kuliko vyote hakiuzwi dukani: chukua kipande cha mbao cha urefu wa shubiri moja na nusu, upigilie juu yake vifuniko vitatu au vinne vya soda, vikiwa vimegeuzwa ili meno yao yaangalie nje. Wanawake wanaopara samaki ufuoni hukitumia kutwa nzima, na sauti ya mkwaruzo wake husikika kabla hujawaona wenyewe. Kisipopatikana, mgongo wa kisu au kijiko vitafanya kazi, ila kwa taratibu zaidi.

Mshike samaki kwa mkia ukitumia kitambaa au chumvi kidogo vidoleni ili asiteleze, na uanzie mkiani kuelekea kichwani, dhidi ya ulalo wa magamba, kwa mikwaruzo mifupi. Ukimzamisha nusu katika beseni la maji, magamba hayatarukia ukutani na kwenye nywele zako. Sehemu zinazosahaulika ni tatu: chini ya koo, kwenye kikwapa cha pezi la ubavuni, na mstari mwembamba ulio pande zote mbili za pezi la mgongoni. Pitisha kidole kutoka mkiani hadi kichwani na macho yakiwa yamefumbwa. Kidole hakikosi gamba, macho hukosa.

Kupasua

Laza samaki tumbo likikuelekea. Ingiza ncha ya kisu katika tundu dogo la haja lililo mbele ya pezi la chini, makali yakiangalia juu, yaani mbali na matumbo, uchane hadi kwenye koo katikati ya mapezi mawili ya kifuani. Kisu kisiingie zaidi ya sentimita moja. Hapa ndipo subira inapodaiwa. Tilapia hula zaidi mimea midogo ya majini, na mlaji wa mimea huhitaji utumbo mrefu, kwa hiyo ndani ya samaki wa shubiri moja utakuta utumbo uliojiviringisha kama kamba ya saa, ukiwa mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake, mwembamba na umejaa uji wa kijani. Ukiukata, uji huo humwagika kila mahali.

Kuna kitu kibaya zaidi ya utumbo, nacho ni nyongo, kifuko cha kijani kilichojibanza kando ya ini. Mara yangu ya kwanza kusafisha samaki wa wageni nilikuwa na haraka, nikazamisha kisu kama ninayekata muwa, na kioevu cha kijani kikatiririka hadi mkiani. Nilisuuza, nikadhani yamekwisha. Wageni walikula mboga na ugali. Mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki jirani yetu alinichukua siku ya pili, akaniketisha kwenye kigoda chake, akanyanyua kisu kutoka mkononi mwangu. "Pole pole, mwanangu," alisema, "fungua mlango kwa kisu, ndani uingie kwa kidole." Ndivyo ninavyofanya hadi leo. Baada ya kuchana ngozi, weka kisu chini. Ingiza vidole viwili mbele kabisa, juu ya moyo, shika pale koo linapoungana na matumbo, ukaze, uvute kuelekea mkiani kwa mkono mmoja usioachia. Kila kitu hutoka kwa pamoja, nyongo ikiwa nzima. Ikipasuka kwa bahati mbaya, usingoje: mwagia maji mengi wakati huo huo, sugua kwa chumvi na limau, na nyama iliyokwisha kugeuka manjano uikate uitupe.

Tazama ulichokitoa kabla ya kukitupa. Mayai yakiwapo, vifuko viwili vya manjano, yanapikwa pamoja na samaki na ni chakula kizuri. Wakati mwingine utakuta mnyoo uliojikunja karibu na moyo, nyuma ya matamvua. Mwondoe, kagua sehemu nyingine, na umpike samaki huyo hadi nyama iachane na mwiba. Wanaokula samaki aliyeiva nusu hawana kinga hiyo.

Sasa toa matamvua. Inua kifuniko cha shavu, kata yanapojishikilia juu na chini, uyavute nje kwa kidole kilichofungwa kitambaa. Hayo ndiyo huoza kwanza na ndiyo yenye uchungu, na samaki aliyepikwa nayo hutia mchuzi wote ladha ya tope. Ndani ya tumbo kuna utando mweusi uliogandamana na nyama. Ukwangue kwa kijiko. Chini yake, kandokando ya uti wa mgongo, kuna mstari wa damu nyeusi iliyoganda. Chana utando wake kwa ncha ya kisu, uusukume kwa ukucha wa kidole gumba kutoka mkiani hadi kichwani huku maji yakipita. Samaki akiwa safi, ndani ya tumbo huwa na rangi ya lulu, na maji unayomsuuzia hutoka meupe.

Mapezi yategemee upishi. Kwa kukaanga mzima, yaache, lakini kata ncha za miiba kwa mkasi ili zisimchome mtoto mezani. Kwa mchuzi, chana pande zote mbili za pezi la mgongoni, ulishike kutoka upande wa mkiani, ulivute kuelekea kichwani, nalo litatoka na mizizi yake.

Kuna watu hupenda kutoa mnofu mtupu. Kwa samaki wa chini ya nusu kilo siwashauri, kwa kuwa mnofu wa tilapia ni karibu theluthi moja tu ya uzito wake, na theluthi mbili zinazobaki, pamoja na kichwa chenye mashavu laini kuliko sehemu yoyote, huenda jaani. Samaki mdogo aliwe mzima.

Kutayarisha na kuweka

Samaki wa ghuba, hasa wakati wa mvua, huwa na ladha ya udongo inayokaa zaidi katika ngozi na nyama nyeusi ya ubavuni. Limau huipunguza sana. Changanya maji ya limau mbili au tatu na kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji, uwalaze samaki humo kwa dakika 15 hadi 20, kisha uwasuuze. Wakizidi hapo, nyama huanza kugeuka nyeupe kana kwamba imepikwa, na ikifika karaini hutawanyika.

Mchanje kila ubavu mara tatu kwa mshazari, kisu kikifika kwenye mwiba bila kuukata, upake chumvi hadi ndani ya michanjo. Kisha mning'inize au mweke juu ya wavu wa waya mahali penye upepo na pasipo nzi kwa nusu saa. Ngozi iliyokauka haigandi kwenye karai, wala haifanyi mafuta yakurukie. Mafuta yawe moto kiasi kwamba mwiko mkavu ukichovya ncha yake, mapovu madogo hupanda pande zote. Mwingize samaki kwa kichwa, ukimwachia polepole kuelekea upande ulio mbali nawe, na usimgeuze hadi atakapoachia mwenyewe.

Wa kuwekwa wafutwe maji kabisa, wafungwe mmoja mmoja katika mfuko uliotolewa hewa, na waingie kwenye friza siku hiyo hiyo. Katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri hukaa miezi mitatu bila kupoteza ladha. Waliokaa kwenye jokofu la kawaida wapikwe kesho yake.

Ubao, kisu na beseni vioshwe kwanza kwa maji baridi, maana maji ya moto hugandisha utelezi wa samaki kwenye mbao, ndipo maji ya moto na sabuni yafuate. Matumbo, matamvua na magamba usiyaache ufuoni kwa korongo na mbwa. Yachukue nyumbani, uyafukie kina cha mkono mmoja kwenye shina la mgomba ule ule ulikochimba nyungunyungu, na baada ya majuma machache wachimbe tena hapo hapo.